Kutoka Kitandani Hadi Ndoo ya Lita 20: Mwongozo Kamili wa Mazoezi kwa Mama Aliyejifungua

Miongozo mingi ya mazoezi baada ya kujifungua huanza na swali la mama atarudi lini jimu. Wengi wetu hatukutoka jimu. Tulitoka kwenye kufua, kupiga deki, kusonga ugali na kujitwika maji, na huko huko ndiko tunakorudi, mara nyingi kabla mwili haujawa tayari. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, achilia mbali uzito wa ndoo yenyewe. Mwalimu wa mazoezi anayejua kazi yake hawezi kumpa mzazi wa wiki ya tatu chuma cha kilo 20 akitoe sakafuni na kukipandisha kichwani. Nyumbani jambo hilo hufanyika asubuhi na jioni, na hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo mwongozo huu unaelekea kwenye ndoo. Kila hatua, kuanzia kupumua ukiwa bado kitandani, inauandaa mwili kwa mzigo ambao maisha yatakutwisha upende usipende. Anayetaka kukimbia au kurudi uwanjani naye ana sehemu yake mwishoni.

Nijibu mapema hoja ninayoisikia kila mara: "Mimi kazi za nyumbani zinanitosha, mazoezi ya nini?" Kazi za nyumbani ni mwendo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe linazihesabu. Lakini kazi hutumia misuli iliyopo, haichagui ile iliyolegea ikaijenga pole pole. Mama anayeinamia beseni la nguo saa mbili, mkojo ukimtoka kila anapokamua shuka, hajafanya mazoezi. Amejiongezea tatizo.

Mwili unatoka wapi

Mara tu baada ya kujifungua, kizazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Kufikia wiki ya sita kimesinyaa hadi gramu 100 au chini yake. Kinajikaza chenyewe, na kunyonyesha kunakisaidia. Ndiyo maana siku za mwanzo tumbo hunyonga mtoto anapokamata titi, hasa kwa mama ambaye huyu si mtoto wake wa kwanza. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye habari za kukandwa.

Sehemu mbili hazirudi kirahisi hivyo. Ya kwanza ni misuli ya tumbo. Ile miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani husukumwa pembeni na mimba, na utando unaoiunganisha katikati hutanuka na kulegea. Ya pili ni misuli ya sakafu ya nyonga, tandiko la misuli linaloanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Tandiko hilo ndilo linalobeba kibofu, kizazi na utumbo wa chini, na ndilo linalozuia mkojo, haja kubwa na ushuzi. Aliyejifungua kwa upasuaji naye amelibebesha mimba miezi tisa, kwa hiyo asijione amesamehewa.

Kabla ya kuanza chochote

Nenda kliniki kwa ajili yako, si kwa ajili ya chanjo za mtoto tu. WHO inapendekeza mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Kila ukienda, omba upimwe shinikizo la damu na wingi wa damu. Mama aliyepoteza damu nyingi atachoka akipanda ngazi tatu, moyo utamwenda mbio, na atadhani ni uvivu. Kama damu iko chini, kazi yako ya kwanza ni vidonge vya madini ya chuma na chakula. Mazoezi makali yatangoja.

Dalili zifuatazo hazingoji wiki ya sita wala ushauri wa jirani, ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo: pedi kulowa chepechepe ndani ya saa moja au kutokwa na mabonge makubwa ya damu, homa, uchafu unaonuka vibaya ukeni au usaha kwenye kidonda, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana au pumzi kukatika. Hizo mbili za mwisho ni dalili za damu kuganda kwenye mishipa, na hatari hiyo hubaki juu katika wiki sita za mwanzo.

Kuna moja zaidi ambayo wanawake huificha. Ukiona mkojo unachuruzika mfululizo, usiku na mchana, hata ukiwa umelala, hilo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula haitibiwi kwa mazoezi. Inatibika kwa upasuaji. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hutoa matibabu hayo bure. Usikae nalo ndani.

Siku saba za kwanza

Zoezi la kwanza ni kuinuka kitandani. Usinyanyuke moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono mpaka ukae. Aliyepasuliwa asaidiwe kusimama ndani ya saa 24 kama wahudumu hawajamkataza. Akitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, abane mto au kanga iliyokunjwa juu ya kidonda.

Ukiwa umelala, chezesha vifundo vya miguu, vidole vikienda mbele na kurudi, mara 20 kila unapokuwa macho na mtoto. Zoezi hili linaonekana si kitu, lakini husukuma damu ya miguu irudi juu.

Kupumua nako ni zoezi. Weka mkono mmoja chini ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua, mbavu zitanuke pande zote na tumbo lilegee. Toa pumzi taratibu kwa mdomo, tumbo la chini likirudi ndani lenyewe bila kulilazimisha. Pumzi tano, mara kadhaa kwa siku. Ukilizoea hili, utalitumia kila utakaponyanyua kitu: unatoa pumzi wakati wa kunyanyua. Mtu anayebana pumzi akinyanyua hushindilia uzito wote chini, kwenye sakafu ile ile iliyochoka.

Sasa kukaza sakafu yenyewe. Watu wengi huyaita mazoezi ya kegel, kwa jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyeyaeneza mwaka 1948. Unaweza kuyaanza mapema mara tu unapojisikia, hata kama umechanika au umeongezewa njia na kushonwa nyuzi. Ila kama uliwekewa mpira wa mkojo, ngoja utolewe na ukojoe vizuri kwanza.

Shida ni kuupata msuli. Jaribu hivi. Lala chali magoti yakiwa juu. Fikiria uko ndani ya daladala lililojaa, umebanwa na ushuzi, na konda bado anaita abiria. Kaza njia ya nyuma usiuachie. Ukiwa umeshika hapo, kaza na mbele kama unayezuia mkojo. Halafu vuta vyote viwili ndani na juu. Hapo umeupata. Makalio yakijibana, mapaja yakibanana au ukijikuta umekunja uso na kubana pumzi, umekaza pasipo, anza upya.

Kaza kwa sekunde 3, legeza kabisa kwa sekunde 3 au zaidi, rudia mara chache kadiri unavyoweza. Ongeza pole pole ndani ya wiki kadhaa mpaka ufike mara 10 za sekunde 10, kisha mara 10 za haraka za kukaza na kuachia. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kulegeza kuna thamani sawa na kukaza, na hapo ndipo wengi wanaporuka. Usiyafanyie mazoezi haya chooni kwa kukata mkojo katikati, maana ukizoea hivyo kibofu huacha kumaliza mkojo wote. Yafanye unaponyonyesha. Mtoto mchanga hunyonya mara nane na zaidi kwa siku, kwa hiyo huna haja ya kengele ya kukukumbusha. Na kama kukaza kunakuletea maumivu, huenda misuli yako imekakamaa badala ya kulegea. Acha, umwone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo.

Choo kikubwa nacho kinaogopesha mwenye nyuzi. Kunywa maji, kula mapapai na mboga za majani, usisukume kwa nguvu. Choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri tayari, tafuta tu cha kushika ili usitumie nguvu ya tumbo kuinuka.

Arobaini

Arobaini ni mila ninayoitetea. Mzazi halali njaa, anapikiwa mtori, supu, uji wa pilipili manga, kuna mama au shangazi wa kumwogesha mtoto, na hakuna anayetegemea ashike ufagio. Hospitali nyingi za nchi tajiri zinamrudisha mama nyumbani akakae peke yake na kichanga. Sisi tumerithi mfumo wa kumlinda, tusiutupe kwa kutafuta usasa.

Lakini kupumzika si kulala siku 40. Tembea. Kama desturi ya kwenu hairuhusu mzazi kutoka nje, tembea uani, koridoni, kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi. Anza na dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 5 hivi, na ukifika wiki ya sita uwe unaweza kutembea dakika 30 bila kuhema. Pwani, wakati wake ni asubuhi kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri.

Kipimo chako ni damu ya uzazi. Kwa kawaida huanza nyekundu, ikageuka kuwa ya waridi au kahawia, mwisho ikawa nyeupe ya manjano. Ilikuwa imeshafifia, halafu umetembea mbali au umefua, kesho yake imerudi nyekundu na nyingi: umezidisha. Punguza kwa siku mbili au tatu. Isipopungua, nenda kliniki.

Sasa kukandwa. Wanaokanda tumbo kwa maji ya moto husema wanatoa damu iliyobaki na kukirudisha kizazi. Kizazi, kama nilivyosema, kinarudi chenyewe, na damu inatoka bila kusukumwa. Maji yanayochemka yanachoma, na ngozi ya tumbo iliyotanuka huungua upesi. Kwa aliyepasuliwa, taulo la moto juu ya kidonda ni kukaribisha mshono ufumuke na kuoza. Mwambie bibi kwa heshima: "Bibi, daktari amenikataza tumboni, naomba unikande mgongo na miguu kwa maji ya vuguvugu." Wengi hukubali, kwa sababu wanachotaka ni kukuhudumia. Na kwa kweli mgongo uliobeba mimba na sasa unainamia mtoto usiku kucha unastahili mikono ya bibi.

Mkanda au kanga ya kufunga tumbo ina faida ndogo na kelele nyingi. Faida ni kwamba inashikilia mgongo na tumbo lililolegea, na aliyepasuliwa hutembea kwa maumivu pungufu akiwa ameufunga vizuri. Haichomi mafuta, wala haiunganishi misuli iliyoachana. Ukiifunga kwa kukaza mpaka huwezi kuvuta pumzi, uzito unashuka chini kwenye sakafu ya nyonga, na ndipo mama anaanza kuhisi kitu kizito kinamshukia ukeni. Ifunge kiasi cha kupitisha kiganja ndani, anzia chini kwenye nyonga kupanda juu, uivue ukilala. Na hizo chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi kazi yake ni kukuharisha. Usizinywe unaponyonyesha.

Chakula usipunguze. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya takriban kalori 500 kwa siku. Unene ushuke taratibu, nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Na wale wanaokuambia mazoezi yanaharibu maziwa, mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa wala hayabadilishi ubora wake. Nyonyesha kabla ya kuanza ili matiti yasikuelemee, kunywa maji, basi.

Moyo nao

Siku ya tatu hadi ya tano wazazi wengi hulia bila sababu. Chai imepoa, analia. Mtoto kapiga chafya, analia. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, ukawa huna hamu ya kitu, humwoni mtoto kama wako, hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, au unahisi wenzako wangekuwa salama bila wewe, hiyo ni sonona. WHO inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, sonona ikiongoza. Si pepo, si ukosefu wa shukrani, wala hukurogwa na wifi.

Kutembea nje kila siku kunasaidia, hasa ukitembea na mwenzako, na kwa sonona ya kiasi mazoezi yana nafuu ya kweli. Lakini yasikufanye uache kumwona daktari. Mama mwenye sonona nzito hawezi hata kuvaa viatu, na kumwambia "jitahidi ufanye mazoezi" ni kumwongezea lawama. Anayefikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe hospitali.

Usingizi una nafasi yake hapa. Siku ambayo mtoto amekukesha, lala anapolala na uache zoezi. Ratiba haitakufukuza.

Wiki ya sita: jipime tumbo

Lala chali, kunja magoti. Weka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, vielekee miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo, ukiangalia magoti. Utahisi kingo mbili za misuli zikikaza kushoto na kulia kwa vidole vyako. Rudia kitovuni kwenyewe, halafu chini yake. Nafasi ikipita upana wa vidole viwili na vidole vikizama kwenye kitu laini, misuli bado imeachana. Angalia pia umbo: tumbo likitokeza juu katikati kama paa la banda unapoinua kichwa, hiyo ni ishara kwamba zoezi lolote linalokuletea umbo hilo bado halijakufaa.

Kwa wengi nafasi hupungua sana katika wiki nane za mwanzo. Anayebaki na pengo asikate tamaa wala asikimbilie kujikunja tumbo mia kwa siku. Kujikunja huko ndiko kunakosukuma katikati itokeze zaidi.

Wiki ya 6 hadi ya 12: mazoezi matano

Anza ukishaonwa kliniki na kuruhusiwa. Aliyepasuliwa anaweza kuhitaji wiki mbili au zaidi za nyongeza. Mkeka mmoja na kiti vinatosha. Fanya siku tatu kwa wiki, kila zoezi mara 8 hadi 12, kisha pumzika na urudie mzunguko mmoja zaidi. Katika yote, sheria ni ile ile: kaza sakafu, toa pumzi, ndipo usogeze.

La kwanza, kuteleza kisigino. Lala chali magoti juu. Ukitoa pumzi, telezesha kisigino kimoja sakafuni mpaka mguu unyooke, kiuno kikiwa kimetulia. Vuta pumzi, urudishe. Kiuno kikiinuka kutoka mkekani, umeteleza mbali mno, ishia nusu ya njia.

La pili, daraja. Mkao ule ule. Toa pumzi, inua makalio mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, tulia kidogo, shuka taratibu. Hili ndilo linalorudisha makalio na mgongo wa chini, ambao ndio hubeba ndoo hasa.

La tatu ni kukaa na kuinuka, na ukikosa muda wa yote fanya hili peke yake. Kaa kwenye kiti, miguu upana wa nyonga. Inamia mbele kidogo, toa pumzi, simama bila kutumia mikono. Rudi ukae taratibu, usijibwage. Ukiweza mara 12 bila taabu, hamia kwenye stuli fupi zaidi, baadaye kigoda cha jikoni. Ukifika kwenye kigoda bila kuvuja mkojo na bila magoti kuingia ndani, miguu yako inakaribia kuwa tayari kwa ndoo.

La nne, kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, sogeza kifua karibu kisha jisukume. Mikono ya mzazi hubeba mtoto siku nzima na mabega hujikunja mbele. Zoezi hili linaimarisha mikono na mabega.

La tano, piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Toa pumzi, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, tulia sekunde tatu, badilisha. Ukiyumba, nyoosha mguu peke yake kwanza.

Waislamu waliotoka nifasi, yaani kipindi cha damu ya uzazi, na kurudi kwenye sala watagundua kwamba rukuu na sijda zenyewe zinadai mgongo na magoti. Siku za mwanzo, kama kuinuka kutoka sijda kunavuta mshono, sali umekaa.

Sambamba na hayo endelea kutembea. WHO inapendekeza mama aliyejifungua afikie angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kiasi, ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Dakika 30 siku tano zinatimiza. Si lazima ziwe mfululizo. 10 za sokoni, 10 za kumfuata mkubwa shule na 10 za kurudi ni 30.

Ndoo, beseni na mbeleko

Katika wiki sita za kwanza, usinyanyue kizito kuliko mtoto wako. Baba watoto anayeuliza asaidie nini: achote maji.

Kuanzia wiki ya sita, kama mazoezi matano yanakwenda, beba dumu la lita 5 mkononi, ukibadilisha upande. Wiki ya nane au ya tisa, lita 10. Jaza ndoo nusu na uende mara mbili, wala usimjali jirani anayecheka. Lita 20 zingoje mpaka baada ya wiki ya 12, na zije kwa sharti: hujavuja mkojo ukikohoa, huhisi kitu kizito ukeni jioni, na tumbo halitokezi katikati.

Namna ya kunyanyua ina uzito sawa na kiasi cha maji. Weka ndoo juu ya kigoda, jiwe au ukingo wa kisima, usiitoe chini kabisa. Isogelee mpaka iguse mapaja. Shuka kwa magoti kama ulivyofanya kwenye kiti, kaza, toa pumzi, inuka. Kujitwika peke yako ndiko kubaya kuliko vyote, kwa sababu ndoo inapita mbele ya kifua mikono ikiwa juu na mgongo ukiwa umepinda. Omba mtu akutwishe, na akutue ukifika. Mjini, kama maji yanapanda ghorofani kwa madumu, lipia kijana ayapandishe miezi mitatu hii ukiweza.

Beseni la kufulia lipande juu ya meza, stuli au karo, ufue umesimama. Shuka nzito zikamuliwe na wawili. Kupiga deki tumia fimbo, acha kuinama na tambara. Kusonga ugali wa watu kumi kunataka sufuria ishikwe na mwenzako.

Mtoto mgongoni angoje shingo yake ikaze. Mbeleko ifungwe juu karibu na mabega yako, mtoto akaze mgongoni. Ikiwa chini kiunoni, unalazimika kuinama mbele kila hatua.

Kazini

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi 3. Siku 84 ni wiki 12 kamili, kwa hiyo usizimalizie zote kwenye kochi. Tanzania, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akuruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ziombe kwa maandishi.

Mama lishe na mama mboga hana likizo ya kuandikiwa. Kama ni wewe, punguza uzito badala ya siku: sufuria ndogo mbili badala ya kubwa moja, tenga la nyanya lishushwe na kijana wa bodaboda, na kaa kwenye kigoda chenye kimo ili usichuchumae saa sita. Kila ukipata nafasi simama, tembea hatua chache, kaza mara 10.

Anayetaka kukimbia

Kukimbia, kuruka kamba na netiboli vingoje wiki ya 12 kwa uchache. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018 na hakushindana tena mpaka Juni 2019. Baadaye mwaka huo alipata medali ya fedha ya dunia mita 1500 huko Doha, 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo, na 2023 akavunja rekodi za dunia za mita 1500, 5000 na maili. Mwanariadha mwenye makocha na wauguzi alijipa mwaka. Wewe hudaiwi wiki ya nane.

Kabla ya kuanza, jijaribu: tembea dakika 30 kwa kasi, simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila upande, chuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10, kimbia papo hapo dakika 1, rukaruka kwa mguu mmoja mara 10. Ukivuja mkojo, ukihisi uzito ukeni au maumivu popote, bado. Rudi kwenye yale matano kwa wiki mbili, ujaribu tena. Kama baada ya miezi mitatu ya kukaza kwa uaminifu mkojo bado unakutoka, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za mikoa na za rufaa huwa na kitengo chake, na hilo halipaswi kuitwa jambo la kawaida la wanawake waliozaa.

Ukifaulu, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara tano, siku moja ipite katikati. Wiki inayofuata, dakika 2 kwa 2. Nyonyesha kwanza, vaa sidiria inayoshika, na tafuta njia ya vumbi au nyasi kabla ya lami.